Kabla hujaongeza wufa kubwa, cheki chumba chako kwanza (uzi wa wapenda mziki wa Kisumu, Nakuru na Western yote)

Mleta uzi (Kisumu):

Wadau salamu. Kila saa mtu anauliza wufa gani iko na besi safi na majibu ni yaleyale, chukua hii, wacha ile, ongeza wati. Hakuna mwenye humuuliza anakaa chumba cha aina gani, na hiyo ndiyo ingefaa kuulizwa kwanza juu sauti ikishatoka kwa spika haiji kwa maskio yako peke yake, inagonga ukuta, sakafu, dari, mlango wa kabati, ndio inakufikia ikiwa imechanganyika na hayo yote. Ukibeba wufa ya mtu wa nyumba kubwa Milimani ukaiweka bedsita Nyalenda itakuwa wufa ingine kabisa, na hakuna kitu umebadilisha ndani yake.

Tuchukue chumba chenye wengi wetu tunajua, futi 10 kwa 10, ukuta wa mawe umepigwa plasta, sakafu ni saruji ama tailisi. Sauti kwa joto la huku kwetu inatembea kama mita 345 kwa sekunde. Chukua hiyo 345 ugawanye na urefu wa chumba mara mbili. Futi 10 ni mita 3.05, mara mbili ni 6.1, unapata kama 57. Maana yake noti yenye iko karibu na 57 Hz (yaani mitetemo 57 kwa sekunde) itajazana hapo ndani, inaenda ukutani inarudi inajikuta yenyewe, inavimba. Na kwa vile chumba ni mraba, upana nao unakupa 57 hiyohiyo, zinajumlishana. Dari ikiwa futi 9 inakupa 63, jirani wa karibu sana. Sasa angalia gita la besi: waya wa pili kwa unene, ile A, ukipigwa wazi ni 55 Hz. Kwa hivyo kila mpiga besi akigusa hapo nyumba inanguruma wuuuu, akienda noti zingine besi inapungua. Ukiskiza benga utajua nasema nini, besi ya benga haitulii, inatembea, inajibizana na gita la solo, lakini kwa chumba kama hicho unaskia noti moja tu inarudiwarudiwa unadhani mpiga besi ni mvivu. Si yeye. Ni chumba.

Ya pili ni mwangwi wa juu. Simama katikati ya nyumba tupu upige kofi moja kali. Ukiskia trrrr kama kitu kinatetemeka, hiyo ni sauti inarushwa kati ya kuta mbili zenye zinaangaliana bila kitu cha kuizuia, na ndio inafanya maneno ya mwimbaji yasishikike hadi unaongeza volume, na ukiongeza volume na yenyewe inaongezeka.

Kuna jamaa anaitwa Wallace Sabine alikuwa Harvard kule Marekani, mwaka wa 1895 akapewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara wenye mtu akiongea haeleweki. Alichofanya ni kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, usiku watu wakilala, anapanga anapima sauti inachukua muda gani kufa, anaongeza mito, anapima tena. Kutoka hapo akapata fomula yenye bado inatumika: 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya na eneo lenye linanyonya sauti, vyote kwa mita, jibu ni sekunde. Nimeipigia chumba chetu cha 10 kwa 10 bila kitu ndani, plasta na saruji hunyonya kama asilimia 2 au 3 tu, unapata sauti inakaa karibu sekunde 3 kabla ife. Ongeza kitu kinene chenye kinanyonya vizuri, mita mraba 5 hivi, inashuka hadi kama 0.6. Nyumba ya kuskiza mziki inataka kati ya 0.3 na 0.5. Yaani kitanda, sofa na pazia la maana vimeshakufikisha mbali kabla hujatoa shilingi.

Ninachotaka tuongee ni hiki: mahali unaweka spika na mahali unakaa ni bure, na inashinda kuongeza wati. Anzeni hapo. Maswali leteni, najibu jioni nikitoka job.

Mdau wa Kondele:

Mkuu umeongea. Mimi yangu nimeiweka kona, juu hapo ndio kuna nafasi, besi ni mob lakini haina maneno, ni mvumo tu. Nikienda jikoni naskia besi poa kuliko nikikaa kwa sofa. Hiyo ni nini?

Mleta uzi:

Omera hiyo ni ushahidi tosha wa hesabu ya juu. Kona ndio mahali mawimbi yote ya chumba yanakutana, ukiweka wufa hapo unayaamsha yote kwa nguvu. Besi inakuwa nyingi ndio, lakini ni ile ya noti moja moja. Na sofa yako nina hakika iko imegusa ukuta, si ndio? Huku kwetu sofa zote hupangwa zimeegemea ukuta, katikati meza. Ukutani besi huvimba, katikati kabisa ya chumba ile 57 inapotea kama haikuwa, ndio maana ukitembea nyumbani inabadilika kila hatua.

Fanya hivi, wengi hawajui hii. Ondoa wufa hapo kona uiweke juu ya sofa, mahali wewe hukaa, kabisa, kwa kiti. Weka wimbo wenye besi inatembea. Alafu inama, kichwa kiwe usawa wa wufa venye ingekuwa sakafuni, tembea polepole kando ya ukuta ukiskiza. Kuna mahali utaskia noti zote ziko sawa, hakuna yenye inaruka. Weka wufa hapo, wewe rudi kwa kiti. Kama waya haifiki nunua ya spika ya mita kadhaa, fundi yeyote wa elektroniki anakuungia.

Na kiti ukivute mbele kidogo kutoka ukutani. Watu wa studio hupenda kuanzia asilimia 38 ya urefu wa chumba, kwa chumba cha futi 10 ni kama mita 1.15 kutoka ukuta wa nyuma. Kama huwezi kuvuta hivyo, hata futi moja na nusu utaskia tofauti.

Dada wa Kakamega:

Mimi naomba kuuliza kuhusu trei za mayai. Kuna kijana hapa mtaani ameweka ukuta mzima anasema ni studio, na mimi nina nyingi juu nafuga kuku. Zinasaidia kweli ama ni urembo?

Mleta uzi:

Dada usijisumbue, zipelekee kuku kazi yao. Trei ni karatasi nyembamba, inavunja kidogo sauti za juu za kati, chini ya hapo sauti inapita kama hakuna kitu. Hapa shida ni unene, na nitaeleza juu ukielewa hii hutauziwa kitu cha uongo maisha yako yote.

Wimbi la 1000 Hz lina urefu kama sentimita 34. La 100 Hz ni karibu mita 3 na nusu. Kitu chenye kinanyonya kinafanya kazi kwa kuzuia hewa yenye inasonga, inasuguana na nyuzi ndani inageuka joto kidogo. Lakini pale ukutani penyewe hewa haisongi, inabanwa tu, inasonga zaidi ukitoka nje ya ukuta kwa robo ya urefu wa wimbi. Robo ya sentimita 34 ni sentimita 8 na nusu, sawa, unaweza. Robo ya mita 3 na nusu ni karibu sentimita 87. Sasa hiyo trei, ama zile foam za pembe za inchi moja zenye zinauzwa online na mataa ya rangi, itashika nini kwa besi? Hakuna. Na mbaya zaidi, ukizijaza nyumba nzima zinaua trebo (sauti za juu) zinaacha besi, unabaki na nyumba nzito yenye inavuma.

Ndio maana nasema kitu kinene, na ukiacha nafasi ya hewa nyuma yake ni kama umeongeza unene bure.

Mdau wa Nakuru (Section 58):

Kaka niko na godoro la zamani la inchi 8, watoto wamekua. Nikilisimamisha kona litafanya kazi ama nitaonekana mwehu kwa wageni?

Mleta uzi:

Litafanya kazi bosi, si kama bass trap ya studio (kile kitu kinene cha kunyonya besi) lakini utaskia. Lisimamishe limekata kona, yaani nyuma libaki na pembe tatu ya hewa, usilibandike flat ukutani. Toa ile nailoni yenye watu huacha nayo, trebo inagonga nailoni inarudi. Alafu test: weka mdomo kwa foam upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, hiyo foam inanyonya. Ikikataa kabisa, ni aina yenye imefungana, itanyonya kidogo sana. Kwa wageni shona kava ya kitambaa chenye kinapumua, leso ama kitenge chepesi, hata gunia la katani likioshwa ni poa sana na linakaa vizuri. Usiweke ngozi ama plastiki.

Jambo moja na hili si la mchezo. Foam ya godoro inashika moto haraka na moshi wake unaua. Stima ikipotea na unatumia mshumaa ama koroboi, ama jiko liko nyumba hiyohiyo moja, usiweke foam karibu. Bedsita yenye unapikia ndani mimi ningekushauri blanketi nzito na nguo badala ya foam.

Wale wako na uwezo, kitu cha maana ni rockwool, ile pamba ya mawe yenye hufungiwa paipu za stimu kwa viwanda. Haishiki moto kirahisi. Seremala wa Kibuye atakutengenezea fremu ya mbao ya futi 2 kwa 4, kina cha inchi 4, unaingiza rockwool unafunika kitambaa mbele na nyuma. Vaa glavu na barakoa ukiikata juu inawasha ngozi na si kitu ya kuvuta. Fremu sita hivi kwa chumba kidogo ni nyumba ingine kabisa.

Mdau wa Siaya:

Mimi nina swali tofauti. Nikiwa dala (nyumbani kijijini), simba yangu, ile nyumba ndogo ya kijana, ilikuwa ya udongo na nyasi juu, redio ndogo ya kaseti ilikuwa inaskika tamu sana. Sasa niko nyumba ya mawe na spika za bei, siskii ule utamu. Nilidhani ni kumbukumbu tu za ujana.

Mleta uzi:

Ndugu si kumbukumbu. Paa la nyasi ni nene, limejaa hewa ndani, sauti ikipanda haishuki. Ukuta wa udongo hauko nyoofu kama plasta, unatawanya sauti huku na kule. Mlango na madirisha ni wazi nusu ya siku, besi inatoka nje inaenda zake, kwa hivyo haina mahali pa kuvimba. Nyumba ya mawe inafungia kila kitu ndani. Ndio maana hata wale wa nyumba za mabati bila dari huskia besi nyembamba, mabati ni mepesi, besi inapita inaenda kwa jirani, ndani inabaki kidogo.

Ila kama simba ilikuwa ya duara, kuna kitu moja ya kujua: ukuta wa duara unakusanya sauti katikati, kwa hivyo kiti kisiwe katikati kabisa, sogea pembeni.

Nyumba ya sasa hutaezeka nyasi ndani, lakini unaweza kuiga. Dari ndio kila mtu husahau. Fremu mbili za kunyonya zikining'inia kwa dari kati ya spika na kiti, na rafu ya vitabu nyuma yako vikiwa havijapangwa sawa, vingine ndani vingine nje, inatawanya kama ule udongo.

Mdau wa Kondele:

Nimefanya ile ya kutembea na kuinama. Mke wangu amecheka lakini wufa imetoka kona imeenda kando ya mlango, karibu katikati ya ukuta mfupi, na sasa naskia besi inapanda na kushuka, kuna wimbo wa rumba nimeskiza miaka yote sikujua besi yake hufanya vile. Asante sana. Sasa sauti ya mwimbaji bado iko kama iko pande moja, haikai katikati.

Mleta uzi:

Safi sana, na mwambie shemeji asante kwa uvumilivu. Hiyo ya mwimbaji kukaa upande mmoja ni ukuta wa kando. Spika moja iko karibu na ukuta mtupu, ingine karibu na pazia ama mlango, si ndio? Sauti ya kwanza inakufikia moja kwa moja, ya pili inagonga ukuta inakufikia millisekunde chache baadaye, njia ikizidi kwa mita moja ni kama millisekunde 3. Helmut Haas, mtafiti wa Ujerumani, alichunguza hii mambo mwishoni mwa miaka ya 1940: maskio hayaskii hiyo ya pili kama mwangwi, yanaichanganya na ya kwanza iwe kitu kimoja. Kwa hivyo hutaskia kosa, utaskia tu picha ya mziki imeinama na sauti imekuwa na ukali.

Dawa ni kioo. Kaa kwa kiti chako, mtu akushikie kioo kidogo kimelala ukutani, usawa wa spika, atembeze polepole. Pale unaona spika ndani ya kioo, ukuta wa kushoto na wa kulia, weka alama ya chaki. Hapo ndipo pa kuweka kitu kinene, hata duvet ya mitumba imekunjwa mara mbili ikining'inia inchi mbili kutoka ukutani. Alafu pima na kamba: spika mpaka spika, na kila spika mpaka kichwa chako, pande tatu ziwe sawa. Twita (spika ndogo za sauti za juu) zielekee maskioni, sio magotini, sio dari. Zile spika ndogo za wufa watu huzipachika juu kabisa karibu na dari kama za matatu, zishusheni.

Mdau wa Manyatta:

Hii yote ni poa lakini mimi shida yangu ni jirani na landlodi. Nikiweka hizi godoro na mablanketi si sauti itaacha kutoka nje? Nimeshaonywa.

Mleta uzi:

Hapana, na hapa watu hupoteza pesa sana. Kunyonya sauti ndani na kuzuia sauti isitoke ni vitu viwili tofauti. Blanketi inafanya ndani pawe safi, lakini kuzuia inataka uzito na kuziba nafasi. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili unapunguza kama desibeli 5 au 6 tu, na nafasi ndogo chini ya mlango inaharibu kazi yote. Na kwa ploti nyingi ukuta unaishia chini ya paa, juu kumeachwa wazi toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, sauti inapita hapo juu bila kubisha. Hapo hakuna foam itakusaidia.

Chenye kitakusaidia: ziba chini ya mlango na raba, toa wufa kwa ukuta wenye mnashare na jirani, usiiweke kwa sakafu moja kwa moja, weka kitu laini chini yake. Na kwa vile chumba kimekuwa safi utajikuta unaskiza chini zaidi na unashika maneno yote. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iko na kanuni za kelele tangu 2009, kwa hivyo jirani akilalamika ana haki, ongea naye mapema mkubaliane masaa.

Dada wa Kakamega:

Na sisi wa mvua ya kila jioni? Ikinyesha kwa mabati hakuna mziki.

Mleta uzi:

Dada mvua hiyo ni dari ndio dawa, bodi nzito na rockwool imelala juu yake, na inasaidia mziki pia kidogo. Kama nyumba si yako, usishindane na mvua kwa volume, utachoma twita na maskio. Headphone ama ungoje ipungue.

Mdau wa Nakuru (Section 58):

Godoro liko kona tangu jana, limevaa kitenge. Mvumo umepungua lakini kuna noti moja bado inasimama. Chumba ni futi 12 kwa 15, dari 9.

Mleta uzi:

Poa, chumba chako ni kizuri kuliko za mraba juu vipimo vyote vitatu ni tofauti. Futi 15 inakupa kama 38 Hz na 75, futi 12 inakupa 47 na 94, dari 63. Zimetawanyika. Yenye inasimama nadhani ni ile 75 ama 63. Pakua app ya bure yenye inatoa toni, anza 30 panda polepole hadi 120, volume ya kawaida, kaa kwa kiti, andika namba zenye nyumba inapiga kelele na zenye inanyamaza. Usitembee ukipima.

Ukipata namba ndio uguse equalizer (ile ya kupandisha na kushusha besi na trebo). Punguza tu pale panavimba. Pale panapotea usiongeze, hata uongeze vipi sauti itaendelea kujifuta yenyewe na utachosha amp na wufa bure, hapo unasogeza kiti. Zile equalizer za bendi 5 za simu nyingi za Android, ya kwanza ni 60 na inayofuata ni 230, kwa hivyo ya kwanza inashika besi yako karibu yote, ishushe kidogo kidogo. Kama uko na laptop chukua programu inaitwa REW, ni ya bure, ukiwa na maikrofoni ya kupimia inakuchorea chumba chote, hata sauti inachukua muda gani kufa kwa kila noti. Maikrofoni ya simu si sahihi sana chini huko lakini inatosha kulinganisha kabla na baada.

Lete hizo namba hapa. Na wengine wote mkiuliza, andikeni urefu, upana, kimo cha dari, ukuta ni wa nini, na sofa iko wapi, bila hiyo mimi nabahatisha tu.